Bitana ya Mfuko wa Mama

Kijiji kipya, Mkata
Handeni
12 Januari, 1975

Kwa Baba yangu Mhina,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia na goti limepunguza hasira zake. Sisi huku wazima. Joto ni kali na visima vimeshuka, lakini tunapumua, tunamshukuru Mungu.

Tumeshahamia. Lori la operesheni ya vijiji lilikuja asubuhi, tukapakia vitanda, kuku na milango. Mlango wangu niliung'oa mwenyewe, maana walitaka kuuacha. Nyumba ya marehemu Hiza imebaki kule peke yake, sasa ni mahame. Huku tumepangwa kwa mistari iliyonyooka, kila mtu anajua jirani yake anapika nini. Sina malalamiko makubwa. Maji yako karibu, na basi la Korogwe naliona likipita.

Ujumbe wako kuhusu Bwana Sadala wa Mombo nimeupata kwa mdomo wa Simeo, utingo wa basi, ambaye aliutangaza mbele ya abiria wote. Jibu langu, baba, ni kwamba sitaki. Ana duka na ana wake wawili, na mimi nina mikono miwili. Hiza nilimlilia mpaka machozi yakakauka, na eda nikaikalia kama inavyotakiwa. Sasa nataka kula jasho langu.

Na jasho lenyewe ndilo lililonifanya niandike. Mimi na Fatu, jirani yangu wa mstari wa pili, tunashona mikoba ya ngozi. Ngozi tunanunua kwa wafugaji mnadani. Mwalimu wa shule ana mkoba wetu, bwana shamba anao, na karani wa kijiji anautaka. Ndiyo, baba, natoboa na kushona kwa msharasi kama wewe. Ulinifukuza mlangoni pa duka lako la viatu tangu nikiwa mtoto, nikawa nachungulia dirishani. Kushona nilikuona. Gundi sikuiona, maana ukifika kwenye gundi ulikuwa unageuza mgongo.

Sasa bitana inanitia aibu. Ndani ya mkoba tunabandika kitambaa kwa uji wa muhogo, maana ndio tulio nao. Siku za mwanzo unashika vizuri. Kisha mende wanaula. Mkoba wa bwana shamba ulipata unyevu kidogo tu, bitana ikatoka yote na kutoa harufu ya ugali uliolala. Alinirudishia mbele ya watu.

Naomba uniambie, kama baba na kama fundi: unatumia gundi gani, na unaipaka vipi?

Anakusalimu Fatu pia, ingawa hamjuani.

Mwanao,
Mashavu


Manundu, Korogwe
2 Februari, 1975

Mwanangu Mashavu,

Marahaba. Barua nimeipata. Goti bado lina hasira, na sasa limepata mwenzake, ambaye ni mimi. Wengine hapa nyumbani wazima.

Nimekaa kwenye kigoda hiki tangu enzi za Mwingereza. Bendera ikashushwa, nyingine ikapandishwa, mimi niko hapo hapo napiga misumari. Wanaume wazima wamekuja kutoka Magoma na Lushoto kuniuliza gundi, nikawapa chai wakarudi walikotoka. Wewe unadhani utaipata kwa bei ya stempu?

Kazi ya ngozi inanuka. Inakata vidole na kupinda mgongo. Mama yako Mwantumu, Mungu amrehemu, aliishi na fundi miaka yote ile na hakushika hata kisu changu, na hakuna aliyemdharau. Mimi sikukuzaa uje ukae barabarani Mkata unanuka ngozi kama mchuna ng'ombe. Na usihangaike na solusheni, ile gundi ya mafundi baiskeli. Madukani haipo. Mimi mwenyewe naipata kwa kujuana.

Bwana Sadala anakuja kuzungumza baada ya mvua. Nimeshamwambia karibu.

Lakini nisije nikaitwa mkatili, nakuwekea sharti. Masika yanakuja. Tia bitana mkoba mmoja, uupitishe katika masika yote, kisha uniletee niutazame kwa macho yangu. Bitana ikishika, jina la Sadala hutalisikia tena kinywani mwangu. Ikitoka, unafunga mzigo unarudi Korogwe, na maneno yameisha.

Ule msahafu wa mama yako nilikupa siku ya harusi. Usome. Utakufaa kuliko gundi.

Baba yako,
Mhina


Mkata
23 Februari, 1975

Baba yangu,

Shikamoo. Habari za goti? Kuna dawa ya majani Fatu anayo, nimempa Simeo akuletee, ujifunge nayo ukitaka kulala. Huku hatujambo.

Sharti lako nimelikubali. Neno nimelitoa, na Fatu ni shahidi. Nakuarifu pia mambo mawili, la kwanza la kuchekesha na la pili la kukukasirisha, kwa hiyo anza kwa kukaa chini.

Uji wa muhogo tuliuacha. Fatu akaleta mabaki ya ngozi mbichi kutoka kwa wachinjaji, tukayachemsha kutwa nzima mpaka yakawa gundi, na majirani wakafunga madirisha yao. Ilishika kweli. Ilishika mpaka mkoba ukagoma kukunjika; ukiukunja unalia, na mara ya tatu ukapasuka kwenye mkunjo. Tukasema basi, gundi hii tuitumie kwenye vitu visivyokunjwa sana. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa ametuagiza mfuko wa msahafu wake. Akaupokea, akaunusa, akauliza yale mabaki yalitoka kwa ng'ombe gani. Fatu, ambaye hajui kudanganya, akasema hajui. Mwalimu akaurudisha mezani taratibu. Alisema ngozi ikishalowekwa kwenye magome imetakasika, lakini gundi hii imetoka kwenye mabichi, na nani atamhakikishia kwamba ng'ombe alichinjwa, hakufa kibudu? Sikubishana naye. Alikuwa na haki.

Ndipo likaja la pili. Uliniambia nisome msahafu wa mama. Nikauchukua. Na nilipokuwa naushika, nikautazama mfuko wake, ule uliomtengenezea mama mwenyewe kabla sijazaliwa. Kila Idi naupaka samli ung'ae, kama nilivyozoea. Umelowa, umekauka, umesafiri kwenye lori la operesheni chini ya vitanda, na bitana yake haijatikisika.

Nikatia udhu. Nikautoa msahafu, nikaufunga kwenye kanga safi, nikauweka juu ya kabati. Halafu nikachukua kisu, nikafumua mshono wa pembeni, nikaivuta bitana mpaka ikatoka.

Ndiyo, baba. Nimeutoboa siri mfuko wa mama.

Nimeona umepaka gundi ukingoni tu, upana wa kidole, katikati umeacha wazi ili bitana icheze. Nimeona bitana umeikata fupi kidogo kuliko ngozi, ukaibandika mfuko ukiwa umeshakunjwa, ndiyo maana haina makunyanzi. Za kwangu zote nilizibandika ngozi ikiwa imelala mezani. Na gundi yenyewe, nilipoivuta, ilirefuka kama uzi, kisha ikanirudia kidoleni. Nikaisugua, nikaitazama, nikakumbuka mikono ya mama akitoka kuchuma kisamvu cha mpira nyuma ya jiko, ule utomvu uliokuwa unamkaukia vidoleni akiubandua kwa meno huku anacheka.

Ni utomvu wa mpira! Miti ile ile aliyoileta kutoka kwao Magoma. Mboga yetu ya kila wiki ndiyo siri uliyokuwa unaigeuzia mgongo.

Ulikataa kunijibu, nikaiuliza kazi yako. Kazi yako imekuwa karimu kuliko wewe. Nisamehe kwa kusema hivyo, lakini nimeshasema.

Mama alinikatia vijiti vya miti hiyo nilipoolewa. Nilivipanda kwa Hiza, navyo ni miti mikubwa sasa.

Mwanao,
Mashavu


Korogwe
9 Machi, 1975

Mashavu,

Sikuulizi hali.

Mfuko ule niliukata kwa kisu cha baba yangu, nikaushona mama yako akiwa amekaa mbele yangu. Hakuna mkono mwingine uliougusa. Umeufumua kama gunia la mkaa.

Mkoba wa sharti sasa ni huo. Sitaki mwingine. Urudishe bitana kama ulivyoikuta, na masika yaupitie. Ukishindwa unarudi Korogwe. Mpaka siku hiyo usikanyage mlango wangu.

Dawa ya Fatu nimeipokea. Inanuka.

Baba yako


Mkata
20 Aprili, 1975

Baba,

Shikamoo, hata kama huitaki.

Simeo amekuja mara mbili kuudai mfuko, anasema umemtuma. Nimemrudisha mikono mitupu. Ulisema masika yaupitie, na masika ndiyo kwanza yamekolea. Barabara ya hapa kwetu imegeuka uji. Sikuletei mpaka mvua ikatike. Sharti ulilitunga mwenyewe, usianze kulipunguza.

Mwanao,
Mashavu


Mkata
22 Juni, 1975

Kwa Baba yangu,

Shikamoo Baba. U hali gani? Nimesikia kwa Simeo kwamba unatembea vizuri na kwamba kila jioni unajifunga dawa inayonuka. Nimefurahi. Huku mahindi yamekubali, tumevuna, na watoto wa Fatu wamenenepa.

Mfuko wa mama ndio huu alioushika Simeo, ndani ya gazeti. Nimemwambia akiukalia nitamshona masikio. Msahafu umebaki kwangu mpaka mfuko urudi. Kabla hujaufungua nisikilize, maana umenyamaza tangu Machi, na sasa ni zamu yangu kusema.

Miti yangu ya mpira iko kule mahame, na mwenyekiti alishatangaza kwamba anayerudi mahame anarudisha nyuma kijiji. Nilirudi. Utomvu hausubiri ruhusa. Usipoukinga asubuhi, jua likipanda umeshaganda. Mara ya tatu wakanikuta njiani na kibuyu changu. Nikaitwa mbele ya kamati. Mwenyekiti akasema nataka kurudia maisha ya kutawanyika. Fatu alikuwa ananivuta kanga nikae chini. Sikukaa. Nilimwambia, "Ndugu Mwenyekiti, nafuata utomvu, sifuati nyumba. Kila mkutano tunaambiwa tujitegemee. Gundi hii hainunuliwi Dar es Salaam wala Ulaya, inatoka kwenye mti wa mboga. Mkinikataza, semeni wazi kwamba mnanikataza kujitegemea, karani aandike." Karani akacheka, maana mkoba wake ulikuwa bado haujaisha. Waliniachia, kwa ahadi kwamba nitapanda vijiti vya mti huo hapa hapa kijijini. Nimevipanda nyuma ya karakana yetu na vimeshachipua.

Lakini gundi yenyewe ilinitesa. Nilipaka nilivyoona umepaka, ukingoni tu, mfuko ukiwa umekunjwa. Kesho yake bitana ikabanduka yote, na utomvu ukatoka nayo, mzima mzima, kama utando wa maziwa. Nikarudia, ikatoka tena. Nililia, sikufichi. Nilianza kufikiria ni nguo gani nitafunga kwenye mzigo wa kurudi Korogwe. Kosa lilikuwa ile samli ya Idi. Kila mwaka nimekuwa naipaka kwa mapenzi, na miaka hiyo yote ilikuwa inapenya mpaka ndani. Gundi haishiki penye mafuta. Hata mikoba yetu mipya tulikuwa tunaipaka mafuta kwanza ili ilainike, ndipo tunatia bitana, kisha tunashangaa.

Aliyetuokoa ni muhogo. Ule ule tulioufukuza. Nilimwaga unga wa muhogo mkavu juu ya ngozi, nikauanika juani, unga ukanyonya mafuta mpaka ukawa madonge. Nikaukung'uta, nikamwaga mwingine, mpaka ukawa unatoka mkavu kama ulivyoingia. Nikaikwaruza ngozi kwa msasa kidogo. Nikachuja utomvu kwa kitambaa, nikapaka mwembamba pande zote mbili, nikangoja uache weupe. Kisha nikabandika, taratibu kutoka kwenye mkunjo kwenda ukingoni, maana ukishagusana hakuna kusogeza. Bitana ya zamani niliiharibu nikihangaika, hilo nakiri wala sijifichi. Nimeweka kaniki.

Paa letu jipya linavuja karibu na mlango. Nikautundika mfuko hapo hapo, mtupu, mvua nzima ya Aprili na Mei ikiupiga. Wapita njia walisema nimechanganyikiwa. Nje uliota ukungu nikaufuta. Ndani haikubanduka hata penye kona.

Sasa uvute, baba. Uvute kwa nguvu zote, kama unavyovuta soli za wateja. Sitaki huruma yako. Ikitoka niandikie, nitakuja, neno langu ni neno. Lakini soma tena sharti lako: lilisema nirudi Korogwe, halikusema niolewe. Nikirudi nitakaa kwenye duka lako, pembeni ya kigoda chako, na hapo utanifundisha au utanibeba unitupe nje kwa mikono yako. Bwana Sadala mwambie mapema asijisumbue na nauli.

Mwanao, na mwana wa Mwantumu,
Mashavu


Manundu, Korogwe
13 Julai, 1975

Mwanangu Mashavu,

Marahaba. Mimi mzima. Goti limepona, na usimwambie Fatu.

Mfuko ulifika siku Bwana Sadala amekuja. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, amenyoosha miguu, anakunywa chai yangu na kunieleza habari za duka lake. Nikalifungua gazeti mbele yake. Sikutaka kusubiri.

Nikaingiza kidole kwenye kona, nikavuta. Haikuja. Nikavuta kona ya pili. Nikachukua koleo. Sikukuonea huruma, uliniambia nisikuonee, na hata usingeniambia nisingekuonea. Nikaubana mfuko kwa magoti, nikavuta mpaka jasho likanitoka. Ukasikika mlio wa kuchanika, na Sadala akacheka, akasema, "Haya, Mzee Mhina, binti anarudi."

Nikautazama. Gundi haikuachia, Mashavu. Kilichoachia ni ngozi. Ilinyofoka nyama yake ya ndani, ikabaki imeng'ang'ania kwenye kaniki. Ngozi yangu mimi, niliyoichagua mimi, imeshindwa kabla ya gundi yako.

Sadala hakuelewa anachokitazama. Akauliza kwani mwanamke mwenye msharasi atamfaa nani nyumbani. Nikamwambia ainuke kwenye kile kiti, ni cha watu wenye viatu vya kutengeneza. Chai hakuimaliza. Jina lake nimelitaja hapa kwa mara ya mwisho, kama nilivyoahidi.

Usidhani nimefurahi kufumuliwa mfuko ule. Bado nimekasirika, na nikifika nitakuambia kwa mdomo. Kuhusu samli ya Idi ungeniuliza, ningekuambia mfuko wa msahafu haupakwi mafuta. Lakini ungeuliza na mimi nisingejibu, kwa hiyo tuliache. Hilo la unga wa muhogo sikulijua. Nimelijaribu kwenye viatu vya mwenye mashine ya kusaga, limekubali.

Sasa mfuko wa mama yako umechanika, na safari hii nimeuchana mimi. Unahitaji kiraka kwa ndani na mkono mwembamba kuliko wangu. Nitauleta mwenyewe. Simeo ameniwekea kiti cha mbele siku ya Jumamosi. Tafuta kigoda, ukiweke karibu na dirisha, macho yangu yanataka mwanga. Nitapaka gundi nikiwa nimekuelekea.

Kuna jambo jingine. Miti ya nyuma ya jiko haipo. Ilianza kukauka mwaka ule ule aliofariki mama yako, mmoja baada ya mwingine, nikawa naimwagilia na haikutaka. Sikukuambia. Tangu hapo naishi kwa solusheni ya kuomba, na sasa hata ya kuomba hakuna. Viatu vya watu vimejaa sakafuni, nawaambia warudi kesho.

Nikatie vijiti vya ile miti yake, virefu kiasi cha mkono, uvifunge kwenye majani mabichi visikauke njiani. Nitavipanda pale pale.

Baba yako,
Mhina